Georg Simon Ohm: mtoto wa fundi wa kufuli aliyefundisha dunia kupima umeme

Kila fundi wa umeme, awe Goma mjini ao Kalengera kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, anatembea na kifaa kidogo cha kupimia. Juu yake kuna alama tatu ambazo hazikosi. Kuna V ya volti. Kuna A ya ampea. Ya tatu inafanana na kiatu cha farasi kilichosimamishwa, miguu chini: Ω. Ni herufi ya Kigiriki inayoitwa omega, na pale inasomwa ohm.

Zote tatu zinatokana na majina ya watu. Volti ni ya Alessandro Volta wa Italia, mtu wa kwanza kutengeneza batri. Ampea ni ya André-Marie Ampère wa Ufaransa. Hao wawili walijulikana na kuheshimiwa wakiwa wangali na nguvu zao. Wa tatu, Georg Simon Ohm, alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Alivumbua kanuni ambayo leo inatumiwa kila mahali penye waya, kiisha akakaa miaka mingi akingoja kazi inayolingana na elimu yake. Kanuni hiyo ni ile wanafunzi wa Kivu wanaandika ubaoni: U ni sawa na R mara I. Wengi wanaikariri kwa ajili ya mtihani tu, lakini inaweza kuokoa batri, na hata nyumba.

Nyumba ya fundi wa kufuli

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 huko Erlangen, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake, Maria Elisabeth Beck, alikuwa binti wa fundi wa kushona nguo. Walizaa watoto saba, lakini watatu tu ndio waliofikia utu uzima: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elisabeth Barbara. Mama alifariki Georg akiwa na miaka kumi.

Baba huyo hakupitia chuo. Elimu yake aliitafuta mwenyewe, jioni baada ya kazi, kitabu kimoja baada ya kingine, mpaka akafikia kiwango cha kuwafundisha vijana wake hesabu, fizikia, kemia na falsafa. Vijana walipata vitu viwili kwa mkupuo: akili ya hesabu, na mikono inayojua kukata chuma, kunyoosha waya na kufunga kitu kidogo bila kukivunja. Shule waliyosoma mjini haikuwapa hata nusu ya hayo. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Erlangen, Karl Christian von Langsdorf, alimpima Georg akiwa bado kijana na akashangaa. Aliwalinganisha watoto hao wa fundi na familia ya Bernoulli ya Uswisi, ambayo ilitoa wanahesabu wakubwa kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 1805 Georg aliingia chuo kikuu cha pale pale Erlangen. Lakini alikuwa kijana sawa vijana wote. Alipenda kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na kupiga biliadi, na vitabu vikabaki mezani. Baba alikasirika. Yeye mwenyewe hakupata bahati ya kusoma chuo, na sasa alikuwa anaona mtoto wake anaitupa bahati hiyo. Wazazi wa Kivu wanaouza shamba ao mbuzi ili mtoto asome wanaielewa hasira hiyo bila kuelezwa. Baada ya mihula mitatu Georg alitolewa chuoni, na mwezi wa Septemba 1806 akapelekwa Uswisi, kufundisha hesabu kwenye shule ya Gottstadt karibu na Nidau. Alikuwa na miaka 17.

Mwalimu wa kuhama-hama

Kule Uswisi ndipo alipotulia. Mwaka 1809 alihamia Neuchâtel, akafundisha watu nyumbani mwao, na muda uliobaki akasoma peke yake. Kwa shauri la Langsdorf alichukua vitabu vya wakubwa wa hesabu: Euler, Laplace na Lacroix. Mwaka 1811 alirudi Erlangen, na tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo akapata udaktari wa chuo kikuu.

Cheti kilikuwapo, kazi nzuri haikuwapo. Alifundisha chuoni mihula mitatu kwa malipo madogo, akaona njia ya mbele imefungwa. Mwaka 1813 alikubali nafasi kwenye shule dhaifu ya Bamberg. Shule hiyo nayo ilifungwa mwaka 1816. Wakati huo aliandika kitabu cha jiometri, kilichotoka mwaka 1817, na akamtumia nakala mfalme wa Prussia. Hesabu yake ilikuwa nzuri: mwaka huohuo aliitwa kufundisha hesabu na fizikia kwenye shule kubwa ya sekondari iliyoanzishwa na Wajesuiti mjini Köln.

Shule ya Köln ilikuwa na kitu ambacho hakuwa nacho popote kabla: chumba cha vifaa vya fizikia. Pale palikuwa na shaba, zebaki, sumaku na batri za Volta. Mwalimu Ohm aliomaliza masomo ya siku aliingia humo, na kifaa kilichokosekana alikitengeneza mwenyewe. Kazi ya baba yake ilianza kuzaa matunda hapo.

Swali la waya

Mwaka 1820 habari ilienea Ulaya nzima. Hans Christian Ørsted wa Denmark alionyesha kwamba umeme ukipita kwenye waya, sindano ya dira iliyo karibu inageuka. Kwa hiyo sindano inaweza kutumiwa kupima umeme: umeme ukiwa mwingi inageuka sana, ukiwa kidogo inageuka kidogo.

Ohm alijiuliza swali ambalo kila fundi anakutana nalo: waya ukirefuka, umeme unapungua kwa kiasi gani? Watu walijua kwamba unapungua. Hakuna aliyekuwa na namba iliyo wazi.

Mwaka 1825 alianza kupima kwa kutumia batri za Volta, na shida ilikuwa hizo batri zenyewe. Zilianza na nguvu, zikachoka katikati ya kazi. Anayetumia batri iliyozeeka anaijua tabia hiyo: asubuhi inaonyesha vizuri, ukiiwekea mzigo inaanguka. Ohm alishindwa kutenganisha mambo mawili: umeme umepungua kwa sababu waya ni mrefu, ao kwa sababu batri imechoka? Fomula aliyochapisha mwaka huo haikuwa sahihi.

Msaada ulitoka kwa Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia lililochapisha kazi yake. Alimshauri aache batri, atumie ugunduzi mwingine wa wakati ule. Mwaka 1821 Thomas Seebeck alikuwa ameona kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti, kiungo kimoja kikawa moto na kingine baridi, umeme unapita. Umeme huo ni mdogo sana, lakini haubadiliki mradi joto halibadiliki. Ohm akaunganisha shaba na bismuti. Upande mmoja aliuweka kwenye maji yanayochemka, upande wa pili kwenye barafu inayoyeyuka. Maji yakichemka yanakaa kwenye nyuzi 100 na barafu inayoyeyuka inakaa kwenye 0. Sasa alikuwa na chanzo cha umeme kisichochoka.

Mwezi wa Januari 1826 alichukua nyaya nane za shaba, zote za unene mmoja, zenye urefu tofauti. Ya kwanza ilikuwa ya inchi 2, ya mwisho ya inchi 130. Aliziunganisha moja moja, akasoma kila mara jinsi sindano ya sumaku ilivyogeuka, akaandika. Alirudia siku nyingine, kiisha siku nyingine tena. Namba zikajipanga. Umeme unaopita ni sawa na nguvu ya chanzo ikigawanywa kwa jumla ya vizuizi viwili: kizuizi kilicho ndani ya chanzo chenyewe, na kizuizi cha waya ulioongezwa. Waya ukirefuka mara mbili, kizuizi chake kinakuwa mara mbili. Ukiwa mnene zaidi, kizuizi kinapungua.

Henry Cavendish wa Uingereza alikuwa amekaribia kanuni hiyo miongo kadhaa mbele yake. Hakuwa na chombo cha kupimia, kwa hiyo alipima umeme kwa maumivu ya mshtuko kwenye mwili wake mwenyewe. Lakini hakuyachapisha. Karatasi zake zilitolewa na James Clerk Maxwell mwaka 1879 tu, na kwa muda wote huo hazikumsaidia mtu yeyote. Ohm alichapisha, na kwa kuchapisha alijiweka wazi mbele ya watu wote wamhukumu.

Hesabu yenyewe

Mfano wa maji unasaidia. Tangi likiwa juu ya kilima, maji yanasukumwa kuja chini. Msukumo huo ndio volti. Kiasi cha maji kinachopita kwenye tiyo kila sekunde ndicho ampea. Wembamba na urefu wa tiyo, unaozuia maji kupita, ndio ohm. Kwa Kiswahili cha vitabu kizuizi hicho kinaitwa ukinzani.

Ukijua mbili, unaipata ya tatu. Gawanya volti kwa ampea, umepata ohm. Tuchukue taa ndogo ya batri ya volti 12, inayovuta nusu ampea. 12 gawanya kwa 0.5 ni ohm 24. Tuchukue pasi ya umeme wa volti 220, inayovuta ampea 5. 220 gawanya kwa 5 ni ohm 44.

Nguvu ya kazi, ambayo ni wati, inapatikana kwa kuzidisha: volti mara ampea. Ile taa ni 12 mara 0.5, wati 6. Ile pasi ni 220 mara 5, wati 1,100. Hesabu hiyo ya nguvu ilikamilishwa na watu wengine waliopita katika mlango ambao Ohm aliufungua. James Prescott Joule, kijana wa Manchester, alionyesha mwaka 1841 kwamba joto linalotoka kwenye waya linakwenda kwa ampea zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kiisha zikazidishwa kwa ohm za waya.

Hapa ndipo hesabu ya darasani inaingia sebuleni. Saa ya jioni, wakati kila nyumba imewasha, volti kwenye mtaa zinaweza kushuka. Tuseme zimeshuka kutoka 220 hadi 110. Pasi ni ileile, ohm zake ni zilezile 44. Ampea zinakuwa 110 gawanya kwa 44, yaani 2.5. Nguvu ni 110 mara 2.5: wati 275. Volti zimepungua nusu, lakini nguvu imebaki robo. Ndiyo maana jioni kama hiyo chombo cha kuchemshia maji hakicheleweshi kidogo tu. Kinakulaza njaa.

Mfano wa pili unahusu moto. Mwenye pano za jua na batri ya volti 12 ananunua kifaa cha kugeuza umeme uwe wa 220, anachomeka pasi ileile ya wati 1,100. Upande wa 220 zinapita ampea 5. Lakini upande wa batri, nguvu ileile inatakiwa kutoka kwenye volti 12: 1,100 gawanya kwa 12 ni karibu ampea 92, na bado hatujahesabu kile ambacho kifaa chenyewe kinapoteza. Ukiweka pale waya mwembamba wa taa, Joule anakutoza. Tuseme waya una ohm 0.1 tu. Kwa ampea 5 unapata joto la 5 mara 5 mara 0.1, wati 2.5, wala mkono hausikii. Kwa ampea 90 hesabu inatoa 90 mara 90 mara 0.1, wati 810. Hiyo ni karibu pasi nzima iliyofichwa ndani ya waya, nyuma ya pazia ao chini ya godoro. Kwa kweli pale volti zitaanguka na kifaa kitajizima, kama bahati ipo. Bahati isipokuwapo, plastiki inayeyuka kwanza, kiisha ukuta wa mbao unashika moto.

Kwa hiyo waya unaotoka kwenye batri unatakiwa kuwa mnene na mfupi, na fiuzi iwe karibu kabisa na batri. Viungo vilivyofungwa kwa mkono na kuviringishwa karatasi ya plastiki vina kizuizi kikubwa kuliko waya wenyewe, ndipo moto unapenda kuanzia. Na fundi anayetaka kupima ohm azime umeme kwanza: ohm hazipimwi kwenye waya ulio hai.

Hesabu hiyohiyo inaeleza zile nguzo kubwa zinazovuka mashamba ya Rutshuru. Kituo cha Matebe, kilichojengwa juu ya mto Rutshuru na kuanza kazi mwisho wa mwaka 2015, kina uwezo wa megawati 13 na zaidi, na sehemu ya umeme wake inasafiri hadi Goma. Umeme ambao SNEL inaleta Goma kutoka Ruzizi, upande wa Bukavu, unasafiri mbali zaidi. Kupeleka wati milioni 1 kwa volti 220 kungetaka ampea zaidi ya 4,500, na hakuna waya wa bei ya kawaida utakaovumilia. Ukiinua hadi volti 30,000, zinatosha ampea 33 hivi. Transfo ya mtaani inazishusha tena kabla hazijaingia nyumbani. Ndiyo sababu zile nyaya za juu si za kuchezewa: ampea ni chache, lakini msukumo ni wa kuua.

Kitabu kilichokataliwa

Ohm alijua kwamba ameshika kitu kikubwa. Aliomba ruhusa ya mwaka mmoja na akaipata, kwa nusu ya mshahara. Alikwenda Berlin, akakaa kwa mdogo wake Martin, ambaye wakati huo alikuwa amejijengea jina katika hesabu. Mwaka 1827 kitabu kilitoka. Kilieleza mzunguko wa umeme kwa njia ya hesabu tangu mwanzo hadi mwisho. Alitumaini kitamfungulia mlango wa chuo kikuu.

Kilifanya kinyume. Wanafizikia wengi wa Ujerumani wa wakati ule hawakuzoea hesabu nzito. Kulikuwa pia na falsafa yenye nguvu Berlin iliyoamini kwamba siri za maumbile zinafikiwa kwa kuwaza, wala si kwa kuhesabu marefu ya nyaya. Mwanafizikia Georg Friedrich Pohl alikishambulia kitabu vikali. Waliokuwa na mamlaka juu ya shule hawakuona sababu ya kumpandisha cheo mtu huyo.

Ohm mwenyewe alichangia kidogo. Majaribio yake mazuri ya mwaka 1826, yenye maji ya moto, barafu na nyaya nane, hakuyaweka mbele ndani ya kitabu. Aliweka mbele hesabu. Msomaji aliyetaka kuona ushahidi wa macho alikutana kwanza na ukurasa baada ya ukurasa wa alama. Walimu wengi wenye ujuzi mkubwa wanashindwa hapo: wanasahau kwamba msikilizaji hakuwa nao mezani siku ile walipopima.

Mwezi wa Machi 1828 aliacha kazi ya Köln. Alikuwa na miaka 39 na hakuwa na mke wala mtoto, na hakuoa mpaka kufa. Kwa karibu miaka sita aliishi Berlin kwa kufundisha hesabu saa chache kwa wiki, pamoja na shule ya wanajeshi. Umri ambao mwanasayansi anatakiwa kutoa kazi zake bora, yeye aliutumia kutafuta chakula. Mwaka 1833 tu ndipo alipata nafasi ya kufundisha kwenye shule ya ufundi ya Nürnberg. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini bado haikuwa chuo kikuu.

Heshima ilikuja kutoka mbali

Wakati nyumbani walinyamaza, wengine walikuwa wanajaribu. Gustav Fechner wa Leipzig alirudia vipimo kwa uangalifu na kuona kwamba kanuni inasimama. Heinrich Lenz wa Saint Petersburg aliitumia katika utafiti wake. Claude Pouillet wa Ufaransa alifikia matokeo yaleyale. Kisha ikaja telegrafu. Watu walitaka kutuma ujumbe kwa waya mrefu kutoka mji hadi mji, na swali la mwalimu wa Köln likawa swali la pesa: waya wa urefu gani, unene gani, batri ngapi? Asiyejua kanuni ya Ohm alipoteza mali yake njiani.

Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley, heshima yake kubwa kuliko zote. Mwaka uliofuata ikampokea kuwa mwanachama wake wa kigeni. Alikuwa na miaka 52. Miaka 14 ilikuwa imepita tangu kitabu chake, na heshima hiyo kubwa ilitoka Uingereza, haikutoka kwao. Ikawa sawa na ile methali: nabii hakosi heshima isipokuwa kwao. Mwaka huo wa 1841 ndio uleule ambao Joule alichapisha kanuni yake ya joto la nyaya.

Ohm hakubaki kuhesabu sifa. Mwaka 1843 alichapisha kazi kuhusu sauti: kwamba sikio linaweza kugawa sauti iliyochanganyika kuwa sauti nyepesi zinazoijenga. Mwaka 1849 aliitwa Munich kutunza vifaa vya fizikia vya akademia ya Bavaria na kufundisha. Mwaka 1852 hatimaye akawa profesa wa fizikia ya majaribio kwenye chuo kikuu cha Munich. Alikuwa na miaka 63. Nafasi aliyoitafuta tangu ujana aliikalia kwa miaka miwili. Alifariki Munich tarehe 6 Julai 1854, na akazikwa mjini humo.

Jina likawa kipimo

Baada ya kifo chake telegrafu iliendelea kuenea, sasa hata chini ya bahari, na kila nchi ilipima kizuizi cha waya kwa njia yake. Mnunuzi na muuzaji hawakusikilizana, sawa soko ambalo kila mama ana kopo lake la kupimia unga. Tangu mwaka 1861 wataalamu wa Uingereza walianza kutafuta kipimo kimoja, na jina la Ohm likapendekezwa. Mwaka 1881 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Paris kwenye mkutano wa kimataifa wa umeme, na wakakubaliana: msukumo upimwe kwa volti, mkondo kwa ampea, kizuizi kwa ohm. Wati, kutokana na jina la James Watt wa mashine za mvuke, ilikuja kuungana nazo miaka michache baadaye.

Tangu hapo fundi wa Munich na fundi wa Kalengera wanasema lugha moja. Ohm 44 za pasi ni ohm 44 popote. Waya unaouzwa kwa bei nafuu kwa sababu ndani yake shaba ni kidogo unaweza kumdanganya macho mnunuzi, lakini haudanganyi kipimo. Na mwanafunzi wa sekondari mwenye kalamu anaweza kuhesabu, kabla ya mtu kuchomeka kitu chochote, kama waya wa nyumbani kwao utavumilia mzigo ule ao utawaka.

Mzee Johann Wolfgang Ohm, yule fundi wa kufuli, hakuishi kuona jina lake likiandikwa kwenye vifaa vya mafundi duniani. Lakini aliwafundisha vijana wake kwamba mkono na hesabu ni kazi moja. Kwa mtoto wa Rutshuru ao wa Goma anayeshika leo waya na daftari, mahali pazuri pa kuanzia ni kusoma namba zilizoandikwa nyuma ya vifaa vya nyumbani, volti na wati, na kugawanya: wati kwa volti zinatoa ampea, volti kwa ampea zinatoa ohm. Akimaliza kifaa cha mwisho, ajumlishe ampea zote, kiisha aangalie unene wa waya unaozibeba.